Dakika Ishirini na Tano Mapajani mwa Shangazi

“Dada, mama ameenda wapi?”

Niliulizwa swali hilo na MC, kwa kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima, siku ya sendofu ya kumuaga dada yangu aende kuolewa, mimi nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, kilemba kimenishukia sikioni, waya mkononi, na sikuwa na jibu. Mimi! Mtu ambaye chuoni wahadhiri walikuwa wakiona mkono wangu umenyooka wanaangalia saa (nilisoma takwimu, na sidhani kama kuna aliyenifundisha ambaye sikumuuliza hizo namba kazipata wapi), siku hiyo niliulizwa swali la maneno manne nikabaki nimekodoa macho.

Naona aibu kuieleza habari hii, lakini waliokuwepo wanaieleza kila wanapokutana na kila wakiieleza inaongezwa chumvi, juzi nimesikia eti nililia na kugaragara chini. Sikugaragara. Nililia, ndiyo, lakini nikiwa nimesimama. Kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe.

Mama yetu alikuwa Maskati. Aliondoka miaka saba kabla ya siku hiyo, nikiwa bado sekondari, kwenda kumhudumia bibi mmoja mgonjwa kwenye nyumba ya watu, akasema ni miaka miwili tu, na hiyo miwili ikazaa mingine. Baba alishafariki tukiwa wadogo, kwa hiyo nyumba yetu ya Igogo tulibaki wawili, mimi na dada yangu Asimwe, na Shangazi, dada yake baba, akawa anakuja kutoka Buzuruga kila Jumamosi kukagua kama tumekula. Mama tulikuwa tunamwona kwenye simu. Nataka mlielewe hili kabla hamjanicheka: kwa miaka saba mama yangu alikuwa na ukubwa wa kiganja. Nilikuwa namshika mkononi, nikimaliza kuongea naye namweka mfukoni, na kuna siku nilijikuta namfuta uso kwa ncha ya kanga nikidhani ana vumbi, kumbe vumbi liko kwenye kioo cha simu yangu.

Asimwe alipopata mchumba (kijana wa Kisukuma wa Usagara, mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema) mama aliomba ruhusa ya kuja akanyimwa, kwa sababu yule bibi hali yake ilikuwa mbaya na hakukuwa na wa kumwachia. Kikatushinda kitu kimoja: kupakatwa. Kwetu Wahaya, bibi harusi haondoki nyumbani hivi hivi, anakalishwa mapajani kama mtoto mchanga, anapakatwa kwa mara ya mwisho huku akisemewa maneno ya baraka, na baraka zikishaanza hainuki mpaka ziishe. Niliwahi kumuuliza Shangazi ni nini hasa kingetokea bibi harusi akiinuka katikati.

“Kwani kuna aliyewahi kuinuka?” akasema.

Nikamwambia basi hatuna ushahidi. Akaniambia nikaoshe vyombo.

Ikaamuliwa hivi: Asimwe atakaa mapajani mwa Shangazi, na mama atasema baraka kutoka huko huko aliko, kwa video, kwenye skrini kubwa ya ukumbini. Mtaalamu wa kazi hiyo nikawa mimi, kwa sababu nina kompyuta, nina chumba changu hapo Igogo ninachochapia barua na kuhariria video za sherehe za watu, na pia kwa sababu nilijiteua.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa sanduku la bati la rangi ya majivu, ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini haikuwahi kunizimikia hata mara moja. Kosa lake lilikuwa video, zilikuwa zinakwama kwama. Nikasema hapana, siku ambayo mama atakuwa mkubwa, mkubwa kuliko mimi, kuliko Shangazi, uso wake umejaa skrini yote, sitaki akwame. Nikanunua kadi mpya ya picha, nikanunua ramu mpya, nikanunua pawa saplai yenye nguvu ya kuibeba hiyo kadi, na kwa kuwa vyote havikuingia kwenye bati langu nikanunua na kasha jipya lenye ubavu wa kioo na taa za rangi zinazobadilika zenyewe, bluu, zambarau, kijani, taa ambazo hazina kazi yoyote duniani isipokuwa kupendeza. Vyote nikavifunga siku moja. Nikaliweka kasha dirishani, upande unaotazama ziwa, nikawasha, majirani wakaja kuangalia.

Siku ya tatu ikazima. Haikuganda, ilizima, pu, kama mtu aliyepigwa rungu. Ilikuwa jioni, mimi na mama tunajaribu video. Nikaiwasha tena, mama akarudi.

“Umepotea, mwanangu.”

“Kompyuta tu, mama. Nisubiri.”

Baada ya dakika kumi ikazima tena.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilifungua daftari, nikachora safu: saa iliyozima, programu iliyokuwa wazi, hali ya umeme. Nikatoa ramu moja moja nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikafuta mfumo wote nikauweka upya, nikabadilisha waya, nikahamia soketi ya jikoni, nikaazima mita nikapima pawa saplai, iko sawa. Daftari likaonyesha jambo moja waziwazi: mchana, nikiwa nachapa barua za watu, haizimi, jioni, nikiwa na mama, inazima. Nikahitimisha kuwa ni umeme, maana jioni mji mzima umewasha taa na pasi na majiko, umeme unashuka. (Kwamba mchana nilikuwa naipa kazi nyepesi na jioni kazi nzito ya video, na kwamba kazi nzito huleta joto, hilo mtu wa takwimu hakuliona.) Nikanunua na stebilaiza ya kutuliza umeme. Ikazima huku stebilaiza inaniangalia.

Na mama kila jioni, “Umepotea tena.” Ilipofika mara ya sita au ya saba akaacha kusema. Nikiwa nimewasha upya namkuta ametazama pembeni, anakunja shuka za yule bibi taratibu, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyeko peke yake chumbani, na ananiona baadaye sana kuliko ninavyomwona mimi. Nilikuwa kwanza namtazama.

Nikaenda kwa Fundi Magesa, mzee anayetengeneza kompyuta karibu na soko, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi.

“Shikamoo, fundi. Kompyuta yangu inazima yenyewe.”

“Marahaba, Kemi. Umebadilisha vitu vingapi?”

“Vinne.”

“Siku moja?”

“Siku moja.”

Akaweka bisibisi chini. “Sasa umeleta wageni wanne nyumbani siku moja, kuku amepotea, unaniuliza mimi nani kamla. Rudisha vya zamani vyote. Halafu ongeza kimoja, kaa nacho siku mbili, ongeza kingine.”

“Siku hizo sina, fundi. Na lile kasha la zamani ni baya.”

“Limekutukana? Halafu nikwambie, uso wa mama yako utakuja vizuri au vibaya kwa kufuata mtandao wa huko aliko. Kadi yako haifiki Maskati.”

“Una ushahidi gani?” nikamuuliza. (Nilimuuliza mzee wa watu hivyo. Mdomo huu.)

“Ushahidi si hiyo mashine inayozima, binti?” Akainama chini ya meza akatoa laptopu yake, nyeusi, nzito kama tofali. “Basi sherehe iendeshe kwa hii. Haina makuu, lakini haizimi.”

Hapo ndipo ningesema asante, ningeibeba, na leo msingekuwa na cha kunicheka. Lakini ile laptopu ilikuwa na ufa kwenye kona ya skrini, ufa mdogo tu, na mimi, msomi nisiyeamini chochote, sikutaka mama apite kwenye kitu chenye ufa. Nikamwambia sihitaji.

Siku ya sendofu nilifika ukumbini asubuhi. Ulikuwa ukumbi wa wazi kando ya ziwa, umeezekwa, hauna kuta, upepo unapita. Nikafunga mitambo, nikampigia mama kwa majaribio, akatokea kwenye skrini kubwa, na ukumbi mzima tulikuwa mimi na yeye na viti vya plastiki ambavyo bado vilikuwa vimerundikwa. Nikasogea mbele. Kichwa chake peke yake kilikuwa kirefu kuliko mimi. Nikaona kovu dogo kidevuni ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, sijui kama nililisahau au simu haikuwahi kunionyesha.

“Mbona unanitazama hivyo, Kemi?”

“Nakagua picha, mama.”

“Picha ikoje?”

“Nzuri.”

Saa nzima haikuzima. (Upepo wa ziwa ulikuwa unaipoza, hilo nalo sikuliona.) Nikaamini imepona yenyewe. Mtu anayedai ushahidi kwa kila kitu, nikaamini mashine imepona yenyewe.

Kuanzia saa nane mchana kompyuta ile ndiyo ilikuwa inapiga muziki, inaonyesha picha za Asimwe akiwa mdogo, inarekodi kamera mbili, haipumziki. Mimi taa zake za rangi nilikuwa nimezigeuzia kwa wageni ili zionekane. Saa kumi na mbili kasoro MC akatangaza kupakatwa. Shangazi akaketi kwenye kiti mbele, akatandaza kitenge mapajani, Asimwe akaletwa kwa vigelegele, na niseme tu kwamba dada yangu si mdogo, na gauni lake peke yake lilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Akakaa. Shangazi akatoa pumzi kama tairi.

Mama akatokea. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na amejifunga kilemba, na ukumbi ukanyamaza, hata upande wa Wasukuma waliokuwa wanabishana kuhusu nyama.

“Asimwe, mwana wange,” akaanza kwa Kihaya, “nimekosa kufika, lakini—”

Pu.

Skrini nyeusi, muziki kimya, taa za rangi zimekufa. Ndipo MC, ambaye kazi yake ni kutoruhusu kimya, akaniinamia chini ya meza na kipaza sauti chake akaniuliza mama ameenda wapi, na watu mia kadhaa wakangoja nijibu.

Nikabonyeza kitufe. Ikawaka, ikafika mahali pa nywila, ikazima. Nikabonyeza tena. Haikufika hata kwenye nywila. MC akamwambia mpiga muziki wa ukumbi achomeke simu yake, ngoma ikaanza kupigwa kwa sauti ya kuziba aibu, mimi nikachomoa ramu, nikarudisha ramu, nikabadilisha soketi, nikapiga kadi kofi. Kila nikinyanyua kichwa namwona Shangazi ametulia na Asimwe mapajani, uso umekakamaa kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, akashindwa kuvumilia. “Nyie Wahaya! Huyo mtoto atapakatwa mpaka aote meno?”

“Muulizeni anayetengeneza!” mwingine akajibu.

“Shangazi, mteremshe, mama akirudi atampandisha tena!”

“Hainuki,” Shangazi akasema. “Baraka zimeshaanza.”

Asimwe alikuwa na huruma, akajaribu kujiinua kidogo kwa vidole vya miguu ili amwondolee Shangazi uzito, akawa amechuchumaa hewani ndani ya gauni, anatetemeka, Shangazi akagundua akamfinya. “Kaa!” Akakaa. Nilimwona anafungua mdomo kwangu, ananipungia mkono, anasema kitu, sikusikia kwa ngoma, nikadhani ananilaumu, nikarudi chini ya meza.

Na jua lilikuwa linazama, na taa za ukumbi zimewashwa, na wale wadudu wa ziwani wakaja. Mnawajua. Wanainuka majini kama moshi wa moto wa majani, wembamba, hawaumi, wanafuata mwanga tu. Wakajaa kwenye taa, wakajaa kwenye soda, wakajaa kwenye kilemba changu, na mmoja akaingia taratibu kwenye matundu ya mbele ya kasha langu zuri, na mwingine, na mwingine, mbele ya macho yangu, na mimi nikabaki nimechuchumaa nawatazama wanavyoingia.

Sikuwahi kufungua ule mfuniko wa mbele. Kasha lilikuwa jipya, ningefunguaje nisafishe kitu kipya? Nikaingiza kucha, nikavuta. Wakamwagika mapajani mwangu, kwenye sare niliyoshonewa, wadudu waliokauka, vikombe na vikombe, kama majani ya chai yaliyotumika, wiki mbili za jioni zote nilizokaa dirishani na mama huku taa zangu za bluu na zambarau zikiliita ziwa zima lije. Feni zilikuwa zimezikwa humo. Kompyuta ilikuwa haipumui, inapata joto, inajizima isiungue, ina akili kuliko mwenye nayo. Kadi ilikuwa nzima. Ramu nzima. Umeme mzima. Katika daftari langu lenye safu zote zile hakukuwa na safu ya wadudu.

MC akanyanyua konzi ya wadudu juu wageni waone. “Ndugu zangu, tumempata aliyemla kuku wa dada! Wako wengi na wana mabawa!” (Fundi Magesa alikuwa miongoni mwa waalikwa, na sasa nikajua alikuwa ameshamsimulia kila mtu.) Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, hata mpiga muziki akasimamisha ngoma ili acheke vizuri, na katika ule upenyo wa kimya sauti ya dada yangu ikafika, imekauka kwa kupiga kelele.

“Kemi! Fungua kwenye simu yako! Nakwambia tangu mwanzo, si una simu!”

Simu ilikuwa kwenye pochi yangu. Simu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inaipa kompyuta intaneti. Simu ambayo kwa miaka saba ndiyo niliyomwonea mama. Haikunijia kichwani hata kidogo, kwa sababu siku hiyo sikutaka awe mdogo.

Nikaitoa, nikafungua, nikaingia kwenye kile chumba cha video tulichokuwa tumepanga kukutania. Hakukuwa na mtu. Nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Mama alikuwa amepewa dakika ishirini na wenye nyumba, na nilikuwa nimezimaliza chini ya meza.

“Kimya,” Shangazi akasema. Akamkumbatia Asimwe kiunoni, akaegemeza shavu mgongoni mwake, na akaanza, “Mama yako anasema,” na kila sentensi aliianza hivyo, mama yako anasema ukale ushibe, mama yako anasema usinyamaze ukiumizwa, mama yako anasema mlango uko wazi, na hakuna aliyejua kama mama kweli alikuwa amepanga kusema hivyo. Hapo ndipo nililia. Nimesimama, narudia.

Baraka zilipoisha Asimwe akainuka, lakini Shangazi hakuinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Ikabidi yule mjomba mwenye kofia ya pama na wenzake wawili wambebe na kiti chake mpaka kwenye meza ya chakula, Wasukuma wamembeba Mhaya hewani, ukumbi mzima unapiga vigelegele, na Shangazi huko juu anaelekeza njia kwa kidole kama malkia. Hadi leo nikienda Buzuruga anaanza kwa kushika magoti.

Nimerudi kwenye bati langu la rangi ya majivu. Nikibadilisha kitu siku hizi nabadilisha kimoja, nakaa nacho siku mbili, na kabla ya kuuliza watu ushahidi najiuliza kwanza mimi ni kitu gani nimekipenda mno kiasi kwamba sijakikagua. Na kwenye sherehe ya mtu yeyote, ndugu au rafiki, hata nikiombwa kwa magoti, sitagusa mitambo. Nitakuja na zawadi, nitakaa nyuma, nitakula.

Mama alirudi nyumbani moja kwa moja mwaka jana, baada ya yule bibi kufariki. Siku moja alikuwa anamenya ndizi uani, mimi nimekaa kando yake (bado huwa nakaa karibu kuliko inavyohitajika), nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu kumuuliza kwa simu: siku ile tulipopotea, alifanya nini?

Akasema aliona majina yetu yametoka, akabaki anautazama uso wake mwenyewe. Alijua hatumsikii. Akaendelea mpaka neno la mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakukata basi, ajaribu kupiga upya, akasema asingeweza kunyoosha mkono kuifikia simu, maana kabla ya kuanza alikuwa amechukua mto wa kitandani, akauweka mapajani, chini ya pale kamera inapoishia, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeupakata.